Wahariri wapya na swali la umeitoa wapi

Wiki hii yote nimekuwa na wahariri wapya wa Wikipedia ya Kiswahili, wengi ni vijana wa chuo, na saa hizi ni usiku ila usingizi hauji, maswali yao bado yananizunguka kichwani, kwahiyo acha niyaandike kabla hayajapotea.

Kinachowashtua wengi mwanzoni ni kwamba unabonyeza Hariri, unaandika, na kinaonekana palepale. Mmoja akaniuliza, dada sasa hapa nani anapitisha? Nikamwambia hakuna wa kupitisha kwanza, unaandika alafu wenzako wanapitia baadae, ndio ilivyo tangu ilipoanza 2001 na hii yetu ya Kiswahili tangu 2003. Kila badiliko linabaki kwenye historia ya makala, nani kabadilisha, saa ngapi, katoa nini kaweka nini, na kikiharibika mtu anarudisha ilivyokuwa. Akatulia akaanza kuandika.

Kanuni zenyewe ukimpa mtu zote kwa mpigo unamchosha. Kuna nguzo tano, yaani kanuni kuu za Wikipedia, na chini ya kila nguzo kurasa kibao. Mimi naanza na sensa. Fungua makala za kata za Tanzania, nyingi ni fupi sana, kata ya wilaya fulani mkoa fulani, postikodi namba kadhaa, na nyingine zinaishia kwenye sensa ya 2012, ilikuwa na wakazi kadhaa, basi. Sasa sensa ya 2022 ilishafanyika, nchi nzima tumetoka watu 44,928,923 tukafika 61,741,120, na ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zipo mtandaoni. Kwahiyo nawaambia kila mtu atafute kata aliyokulia, aangalie namba mpya, aiweke, na aandike ameitoa wapi. Hapo hapo mtu anajifunza kuweka tanbihi, ile namba ndogo inayoonyesha chanzo, anajifunza kuandika muhtasari wa alichobadilisha, anajifunza jamii ni nini, yaani makundi ya makala yanayoandikwa chini ya ukurasa. Anajifunza pia kutokurupuka, maana kuna kata ziligawanywa hapo katikati, unakuta namba imeshuka na kijana anataka kuifuta akidhani ni makosa ya uchapaji, kumbe nusu ya watu wamehamia kata mpya bila kuhama nyumba.

Na suala la kutopendelea upande linajitokeza lenyewe bila hotuba. Kijana kaweka namba vizuri kabisa alafu akaongeza kwamba kata yao ina watu wakarimu na maendeleo ya kasi. Wenzake ndio waliomuuliza, nani kasema? Akajibu mimi nimeishi pale. Ikabidi tukae tuongee, kwamba anayesoma hamjui yeye, hawezi kumpima, anachoweza kupima ni kile kilichoandikwa mahali anapoweza kukifuata. Akaifuta mwenyewe ile sentensi.

Ila siku iliyonigusa ni ya binti mmoja aliyetaka kuandika historia ya kijiji chao kule Ukerewe. Alikuwa na mambo mazuri mno, koo zilizofika kwanza, majina ya viongozi, njaa iliyowahamisha watu, vyote kasimuliwa na bibi yake. Nikamwambia hapa tunahitaji chanzo kilichochapishwa. Akaniangalia akasema, dada, bibi yangu ana miaka themanini na kitu, yeye si chanzo?

Swali hilo sitaki kulipita haraka. Kanuni inasema Wikipedia haichapishi utafiti wa mtu binafsi, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwasababu bila hiyo kesho atakuja mwingine na babu yake anayesema kinyume na hatutakuwa na pa kusimama. Lakini pia ni kweli kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua huku kwetu iko midomoni mwa wazee, na kanuni hii inatubana sisi kuliko inavyombana mtu wa nchi iliyojaa maktaba na magazeti ya miaka mia mbili. Hatujaanza sisi kulisema hili, mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi maelezo ya watu ili sauti zenyewe zitumike kama vyanzo, na ubishi wake mpaka leo haujaisha.

Basi nilichomwambia binti ni kwamba kwanza chanzo si lazima kiwe linki. Hili wengi hawalijui kabisa! Kitabu cha karatasi kilichoko kabatini kinakubalika, ukiandika mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa, na si lazima kiwe cha Kiingereza. Kuna tasnifu kwenye maktaba za vyuo, kuna majarida ya zamani kama Tanganyika Notes and Records lililoanza 1936, ingawa humo uwe makini, waandishi wengi walikuwa maofisa wa mkoloni, ukinukuu sema fulani aliandika hivi, usiseme ndio ukweli wenyewe. Akaenda maktaba. Akapata kitabu chenye sura inayogusa kisiwa chao, na baadhi ya majina aliyoyataja bibi yamo. Yale yasiyomo nimemsihi amrekodi bibi kwa simu sasa hivi, akiwa bado na nguvu, ayatunze, maana siku mtafiti akija kuyaandika ndio yatapata njia ya kuingia.

Kwenye picha nilipita haraka, usichukue Instagram, piga yako mwenyewe, na ujue ukishaiweka kwa leseni huria, ile inayoruhusu wengine kuitumia, hata anayefanya biashara anaweza kuitumia mradi akutaje na afuate masharti ya leseni.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kinachowakuta baada ya mimi kuondoka. Mtu anatafsiri makala kwa mashine, hapitii, anachapisha, inafutwa. Wakabidhi wetu, yaani wahariri waliopewa uwezo wa kufuta kurasa, ni wachache na kazi ni nyingi, siwalaumu kwa kufuta, tafsiri mbovu inamharibia msomaji. Ila kijana anachoona ni kwamba kazi yake haipo. Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo wa siku nyingi kabisa kwamba wageni wasing'atwe. Mashindano ya 2009 na 2010 yaliyoandaliwa na Google yalileta wanafunzi wengi wa Kenya na Tanzania, makala zikamiminika, na yalipoisha wengi wao hawakuonekana tena. Naamini kabisa kinachomrudisha mtu kesho yake ni maneno mawili kwenye ukurasa wake wa majadiliano, hii nimeitoa kwasababu hii, ukirekebisha hapa nitakusaidia kuirudisha. Nimeanza kufanya hivyo kila jioni kwa wapya ninaowaona kwenye ukurasa wa mabadiliko ya karibuni, unaoorodhesha kila kilichohaririwa, na nawaomba wenzangu wazoefu tugawane siku.

Na ninyi mnaosoma hapa, kama nyumbani kuna kitabu cha historia ya wilaya yenu, kile kilichochapwa miaka hiyo na misheni au na mwalimu mstaafu, niandikieni jina lake, mwandishi, mwaka, na mnipigie picha ukurasa wa yaliyomo. Cha Ukerewe kikipatikana nakipeleka kwa binti kwanza.