Kariakoo saa nne usiku

Miezi minane ya mwanzo nilipiga picha safi kabisa za Kariakoo usiku, na leo hakuna hata moja iliyobaki ukutani kwangu.

Nilikuwa nimepagawa na Brassaï, yule mzaliwa wa Transilvania aliyezunguka Paris usiku miaka ya 1930 akipiga picha za ukungu na mawe yaliyolowa. Anasimuliwa kuwa alipima muda wa kuiacha lenzi wazi kwa sigara: aina moja mtaa ukiwa na mwanga, nyingine nene zaidi ukiwa na giza. Mimi sivuti, nikasema nitapima kwa kashata. (Masihara tu, kamera ina saa yake.) Kila Alhamisi nikitoka kazini nilibeba stendi ya miguu mitatu hadi Mtaa wa Kongo, nikaweka ISO 100 (kamera ihisi mwanga taratibu), tundu la lenzi f/8, sekunde 10, nikabonyeza na kusubiri. Lami inang'aa, maandishi ya maduka yanasomeka, chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, hakuna. Nilijiona fundi.

Pale nilipokuwa nasimama kuna mzee anauza kahawa. Dele lake jeusi kwa moshi, jiko dogo la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, sinia la kashata. Usiku mmoja aliniomba aone ninachohangaika nacho. Nikamgeuzia kioo cha kamera. Akaangalia kwa muda.

"Mwanangu, watu umewapeleka wapi?"

Kweli, mtaa ulikuwa mtupu. Muda ule machinga walikuwa wanakunja maturubai na kufunga marobota, mikokoteni inapishana, mtu anakanyaga mtu. Nikamweleza: lenzi ikikaa wazi sekunde kumi, anayepita hakai sehemu moja kiasi cha kuacha alama, anafutika. Anayetulia ndiye anayebaki. Mzee mwenyewe alikuwa pembeni ya picha, amekaa kwenye kigoda chake, ana ukungu kidogo usoni.

"Kwa hiyo Kariakoo nzima nimebaki mimi, kwa sababu nimekaa?"

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilirudi nyumbani kimya. Paris ya ukungu inaweza kuvumilia kuwa tupu. Kariakoo, ambayo hata jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, ukiiondolea watu wanaobeba mizigo unabaki na mabati na nguzo za umeme.

Wiki iliyofuata stendi nikaiacha nyumbani. Nikachukua lenzi ya 50mm inayofunguka sana, hadi f/1.8, ISO 3200, kasi 1/60 ya sekunde, kamera mkononi. Picha za kwanza zilikuwa aibu: chenga tele, nyuso zimevurugika, nusu nzima zimetikisika. Kwa 1/60 mtu anayetembea kwa haraka humpati. Ikabidi nijifunze kusubiri kituo chake, maana kila mtu anacho: anapohesabu chenji, anapokaza kamba ya robota kwa meno, anapopuliza kahawa kabla ya kunywa. Hapo ndipo unabonyeza. Chenga nilizizoea, siku hizi nazipenda.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa mwanga. Taa za barabarani zinamulika utosi, macho yanakuwa mashimo. Mwanga mzuri uko chini, na una mwenyewe. Balbu ya muuza matunda. Makaa ya mishikaki yanapopepewa. Juu ya yote, kabati la chipsi: kioo mbele, balbu ndani, na mteja ameinamia kuchagua kipande cha kuku. Hiyo ni studio, tena ya bure. Nikaanza kuandika kwenye daftari ratiba ya taa za mtaa: fundi simu anazima saa mbili na nusu, mishikaki inaisha saa nne unusu, kabati la chipsi linafika hadi saa sita. Nikichelewa dakika kumi, uso niliokuwa nautaka uko gizani.

Halafu masika. Mvua ikikatika, kila dimbwi linakuwa taa ya pili. Ila Dar na unyevu wake, ukiitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi lenzi inashika ukungu papo hapo. Usiifute kwa shati. Iache ndani ya begi nusu saa izoee joto.

Kwa walinzi sikuanza vizuri. Mmoja alinikuta nimeelekeza lenzi kwenye geti la ghala. "Nani kakutuma?" Akanisimamia hadi nikafuta picha zote za usiku ule, arobaini na kitu. Nilikasirika, lakini nikijiweka kwenye nafasi yake, mtu asiyesalimia, ana kamera, saa tano usiku, ningemshuku hata mimi. Sasa nafika saa moja, kamera iko begani. Nasalimia, nakunywa kahawa, nasikiliza ubishi wa Simba na Yanga. Kamera inatoka baadaye, na Alhamisi inayofuata naleta picha zilizosafishwa, kila mtu na yake.

Ya mzee wa kahawa ilinichukua wiki tano. Niliipata anamimina: mvuke, mkono, mwanga wa jiko kidevuni, na nyuma yake kijana anapita na mkokoteni, kageuza uso. Nilipompelekea aliisogeza karibu na makaa, akaacha kujiangalia yeye, akaweka kidole kwa yule kijana.

"Huyu! Namdai vikombe vitatu tangu Jumatatu, ananiambia hajapita hapa. Hii niachie, ni ushahidi."