Maji ya kunywa ukiishi kando ya Mto Athi

Sisi wa kando ya Athi, upande wa Makueni na Kitui, hupokea kila kinachomwagwa Nairobi. Majitaka ya mitaa, viwanda na karakana huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi. Kutoka hapo maji hayo hushuka hadi Galana na Sabaki, yakaishia baharini karibu na Malindi. Kiangazi ndicho kibaya zaidi, maana vijito vingine hukauka na majitaka hayakauki. Mvua za kwanza nazo si nafuu: husomba taka za mji mzima kwa mkupuo mmoja.

Nyumbani kwangu maji ya mto hayanywewi hata yakichemshwa. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini metali kama risasi na kromiamu hazipandi na mvuke. Maji hupungua sufuriani, zenyewe hubaki palepale. Klorini nayo huchezewa na amonia iliyomo kwenye majitaka: unatia kipimo sahihi, baada ya nusu saa imekwisha nguvu. Shabu hutuliza tope na kushuka na baadhi ya metali, ila jikoni huna namna ya kujua ni kiasi gani kimebaki. Kwa hiyo nilibadilisha chanzo badala ya kupigana na mto.

Chanzo ni paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mabati ya mita 50 za mraba, msimu ukileta milimita 200, na ukitoa asilimia 20 inayopotea, yanakupa lita 8,000. Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika, hizo ni lita 30 kwa siku, yaani zaidi ya miezi minane. Watu husema mvua ya Ukambani haitoshi. Kwa kuoga na kufua haitoshi kweli. Kwa kunywa inatosha, mradi tangi liweze kuibeba na lisifunguliwe kwa kazi nyingine.

Gata zilale kidogo, sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji husimama na mbu huzaana. Mvua ya mwanzo huosha vumbi na kinyesi cha ndege, isiingie tangini. Mimi nimesimamisha paipu ya inchi 4 kabla ya tangi: hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, basi mita 3 hivi zinameza nusu milimita ya kwanza ya paa hilo, kisha maji safi hupita juu. Chini kuna kifuniko chenye tundu dogo la kuichuruzisha taratibu. Tundu hilo huziba kwa majani, na likiziba paipu hubaki imejaa na mvua inayofuata hupeleka uchafu wote tangini. Fungua kifuniko kila mvua inapokatika. Bomba la kuchotea liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na mwanga usiingie, maana mwani wa kijani huanzia hapo. Paa la asbesto au lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi, achana nalo.

Klorini natia kwenye mtungi, si tangini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach, si sabuni) ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, mililita 1.2 kwa lita 20, napima kwa bomba la sindano la duka la dawa bila ncha. Nusu saa baadaye lazima harufu ya klorini isikike kidogo. Isiposikika, narudia kipimo na kusubiri tena. Chupa iliyokaa juani imekwisha nguvu, hata kama imejaa.

Tangi likikauka, tunarudi kwenye mchanga wa vijito vya msimu vinavyoingia Athi, ambavyo havitokei mjini. Tunachimba hadi maji, tunashusha pete za saruji, tunazungushia kokoto na kufunika juu. Shimo lililo wazi punda huliharibu kwa siku moja. Klorini bado inahitajika.

Shambani mto haukwepeki. Sukuma wiki na mchicha hufyonza metali hadi kwenye majani, ndiyo maana kwenye eneo la kumwagilia nimepanda miembe na michungwa. Mwenye kulima mboga hata hivyo, apeleke maji kwenye mizizi kwa paipu za matone, asinyunyizie juu, na aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, vijidudu vifie juani. Metali haziondoki kwa kusubiri.