Dokta aliyekuwa watu wawili

Jumatatu iliyopita Dokta aliingia maktaba kalowa chapachapa, bahasha ya kaki kaificha ndani ya koti. Ndani ya bahasha kuna fomu ya kupandishwa cheo, na kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kinachomnyima usingizi. Kimeandikwa herufi moja tu: h, kipimo cha makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake.

"Dada, nimeelekezwa kwako. Kompyuta inasema nina tatu. Miaka yote hii, tatu!"

Mimi ni mkutubi hapa Moshi, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu hudhani kazi yangu ni kugonga mihuri na kuwanyamazisha wanafunzi. Siku hizi nusu ya siku naimaliza nikihesabu nani kamnukuu nani.

Nikaandika jina lake kwenye kanzidata. Wakatokea wawili. Wa kwanza mwanafizikia, makala sita za mwanga na lenzi. Wa pili kaongezewa jina la babu katikati, mtu wa seli, makala nane. Mashine haikufikiria kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili. Nikamwambia, "Dokta, hiyo tatu ni ya pacha wako."

Alicheka, lakini si sana.

Kwa kweli yeye ni mmoja, tena kazi yake ni moja. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima hujikunja ikapenya kwenye mshipa mwembamba. Ikiingiwa na kimelea cha malaria hukakamaa. Dokta huishika kwa leza, akaivuta kidogo, akapima ukaidi wake. Aliyetuonyesha kwamba mwanga unaweza kushika vitu vidogo hivyo ni Arthur Ashkin wa Marekani. Mwaka 1987 alinasa bakteria na virusi kwa mwanga, na Nobel ya fizikia akaja kuipata 2018, akiwa na miaka 96. Kamati zingine zinajua kusubiri.

Nikachukua karatasi. Hesabu ya h naipenda kuifanya kwa penseli, mtu aone mwenyewe. Unapanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 61, 40, 22, 12, 9, 7, 6, 3, halafu zile ambazo hata mwenyewe kazisahau. Unashuka ukihesabu, mpaka namba ya makala izidi nukuu zake. Makala ya sita ina nukuu 7, inapita. Ya saba ina 6, inakwama. Basi h yake ni 6.

"Kwa hiyo nimekosa mtu mmoja tu?"

Mmoja tu. Na hiyo ya saba ni ya fizikia, kosa la lenzi alilohangaika nalo miaka miwili. Zile tatu za juu zote ni za seli.

Hapo ndipo ninapogombana na hiki kisanduku. Aliyekibuni kipimo hiki mwaka 2005, Jorge Hirsch, ni mwanafizikia, na aliona mapema kwamba fani hazilingani. Kwenye makala yake ileile aliandika kwamba katika wanafizikia aliowapima, wa juu alikuwa Edward Witten, h 110. Upande wa sayansi za viumbe, Solomon Snyder alikuwa na 191. Hakuna anayesema Witten ni mvivu. Watu wa biolojia ni wengi, na orodha zao za marejeleo ni ndefu. Nenda pale soko la Mbuyuni ukapimiwe maharage na dagaa kwa sado moja, halafu uulize kwa nini dagaa ni wepesi.

Tena mtu mwenye makala moja, hata ikinukuliwa mara elfu, h yake ni 1. Makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi ilitoka 1969, Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori hapo juu Mweka. Hadi leo wanafizikia wanaibishania. Kwenye fomu ya Dokta, makala hiyo ingempa 1.

Niliunganisha wale mapacha, nikamtolea orodha mbili, fizikia na seli, akaziambatanisha kwenye fomu japo hakuna aliyeziomba.

Jana mchana nikafungua tena, udaku tu. Ile ya saba imefika 7! Nikabofya kuona nani kamnukuu. Kumbe wamemnukuu kumpinga: wanasema masahihisho yake ya lenzi yana kasoro. Kwa mashine, kupingwa nako ni nukuu. Nikampigia simu nikitafuta maneno ya kumpoza.

"Kasoro wapi?" akauliza. Nikamsomea aya yenyewe. Kimya. "Mh. Hilo la joto sikuliwaza."

Nikamkumbusha kwamba sasa h ni 7, arekebishe fomu kabla haijapelekwa. Akasema sawa sawa, lakini kwanza nimchapishie hiyo makala yote, pamoja na michoro, anakuja kuichukua sasa hivi.

Mvua ilikuwa bado inanyesha.