Sabuni ya Yatima Isiyotoa Povu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwenye jumuiya wiki hii mama mmoja ametueleza yaliyomkuta. Vijana wawili walipiga hodi na sabuni ya maji, wana vitambulisho shingoni na barua iliyotiwa plastiki, mhuri wake umefifia. "Mama, tuungishe, ni ya watoto yatima." Akanunua dumu la lita tano kwa shilingi 10,000. Jioni kwenye vyombo, ni maji ya kijani tu: povu hakuna, mafuta yameganda palepale kwenye sufuria. "Afadhali wangeniomba hela," akasema.

Ana haki. Angetoa sadaka, asingedai povu. Lakini hawa walimuuzia, na Mithali 11:1 inapokataa mizani ya hadaa haiwatengi wauzaji wenye nia njema.

Tuna tabia ya kumnyamazisha mtu kama huyu: "Ulimtolea Mungu, achana nayo." Siipendi. Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka fedha ipite mikononi mwake peke yake. Soma 2 Wakorintho 8: anatumwa Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, "mtu asije akatulaumu kwa habari ya karama hii." Mtume mzima, na bado anataka mashahidi! Anataka yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu."

Basi kumuuliza mgeni mlangoni kituo kiko wapi na nani anakisimamia si upungufu wa imani. Hapa Tanzania makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuulizwa.

Vijana wenyewe tusiwafokee. Huenda nao wamepewa tu dumu wakaambiwa wauze. Ukiwa na mashaka, sema "leo hapana, wanangu" na ufunge mlango kwa amani. 2 Wakorintho 9:7 inasema tutoe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", na kununua kwa kuona haya mbele ya majirani nako ni lazima.

Mama yetu aliipiga picha ile barua. Jumamosi baadhi yetu tutamsindikiza kukitafuta kituo. Kikiwepo, tutaacha mchango wetu, na habari ya sabuni tutawaambia. Kisipokuwepo, tutapitia kwa mjumbe.