Sinia la dubu

Kiangazi changu cha kwanza hapa St. Paul, Minnesota, niligundua kuwa watu wa huku wakichoka na vitu vyao huvipanga mbele ya gereji Jumamosi asubuhi, wanavibandika bei, kisha wanakaa pembeni na kahawa. Kwa dola mbili nikapata sinia la bati. Limechorwa dubu mweusi mwenye tumbo jeupe, anachekelea, nyuma yake ziwa na misonobari. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alilipenda hadi akawa analala nalo. Hilo neno Hamm's lililoandikwa juu nilidhani ni jina la katuni.

Kazini ghalani nikamwonyesha mzee mmoja picha ya mtoto na sinia lake. Akaanza kugonga meza kwa vidole kama anapiga ngoma, akaimba kidogo, halafu akacheka mpaka machozi. "Umempa mtoto tangazo la bia!"

Kumbe ni bia ya hapa hapa. Theodore Hamm, Mjerumani, mhamiaji kama mimi, alianza kumiliki kiwanda kidogo mjini humu mwaka 1865. Dubu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, televisheni zikiingia majumbani. Wakala wa matangazo wa Minneapolis, Campbell-Mithun, ndio waliomleta. Wachora katuni wa Hollywood wakamfanya atembee. Nimetazama matangazo yake mengi kuliko ninavyotaka mke wangu ajue. Dubu hasemi. Anapanda juu ya gogo linaloelea, gogo linazunguka, miguu inakimbia mbio, anapigana na hewa, chubwi! Hakuambii unywe. Wewe unacheka tu, ngoma inalia, na wimbo unakwambia bia hii inatoka nchi ya maji ya buluu kama mbingu.

Kwetu mnyama wa bia ni wa kutisha. Tusker ilipewa jina kwa ajili ya tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wake, mwaka 1923. Lubumbashi wana Simba. Hawa wameuza bia kwa mnyama anayeshindwa na gogo, na imeuzika!

Ile ngoma lakini hainikai vizuri. Imeigizwa kama ya wenyeji wa asili, na jina Minnesota lenyewe ni la Kidakota, linahusu hayo hayo maji na mbingu. Wadakota walifukuzwa humu kwa sheria ya mwaka 1863, miaka miwili kabla ya Hamm kupata kiwanda. Ngoma yao ikabaki kuuza bia.

Miaka ya 1990 katuni za namna hii zilianza kutazamwa kwa jicho baya, hasa kwa sababu ya Joe Camel, ngamia wa sigara. Utafiti wa 1991 ulionyesha watoto wa miaka sita wanamjua karibu sawa na Mickey Mouse. Siku hizi watengenezaji wa bia wa Marekani wana kanuni zao wenyewe za kukwepa michoro inayovuta watoto. Ningependa kumtetea dubu, ila wangu alikuwa anafunikwa shuka kila usiku.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1997. Bia bado ipo, inatengenezwa na Molson Coors, na dubu ana sanamu ya jiwe katikati ya mji, pale Seventh Place. Nimepiga naye picha.

Sinia lilihamia jikoni, mke wangu anapangia madonge ya chapati. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Moshi, mlokole wa kutopea, aliletewa chai juu yake. Akamsifia sana dubu, jinsi anavyoonekana mpole.

"Bibi," binti yangu akasema, "huyo ni wa pombe."

Mama mkwe akanitazama mimi, si mtoto. Kisha akachukua kikombe chake, akakiweka juu ya uso wa dubu, akaendelea kunywa chai.