Mikono ya Yuda

Jana fundi alikuja kupaka geti rangi ya silva. Saa saba hivi nikatoka kumpelekea maji ya kunywa, nikamkuta amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Ilikuwa silva tupu mpaka vifundoni, bado mibichi, na tone moja lilikuwa likining'inia kwenye kidole cha mwisho. Uani kote kulinuka rangi. "Bosi," akaniambia, "tina imeisha. Na hii bila tina haitoki."

Nikasimama na ile glasi. Sikumpa. Alipoona kimya kimezidi akaniuliza kama niko salama.

Nilikuwa London, Agosti 2016, nimekaa bega kwa bega na mama.

Mama alikuja kumwona mjukuu. Wiki sita, akiwa na koti alilonunuliwa na mke wangu na khanga mbili alizokataa kuziacha nyumbani hata tulipomwambia kuna joto. Yale ya kihamba, shamba letu la ukoo, yalikuwa yameshatokea, miaka mitano nyuma, na jina la mdogo wangu halikuwa likitajwa mezani kwetu. Mimi ndiye niliyesema lisitajwe. Niliwapigia simu wajomba mmoja mmoja kutoka Barking, kule London nilikoishi, nikawaambia yule asikanyage tena pale, na wajomba wakakubali, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyekuwa natuma fedha. Mama hakuulizwa.

Tiketi nilipewa na mwenzangu wa wodini aliyepangiwa zamu siku hiyo. Mbili, za ukumbi wa wazi ulioko katikati ya bustani ya Regent's Park. Nilipoona ni Jesus Christ Superstar nusura nizirudishe.

Nieleze kwa nini. Tamthilia hii ni muziki wa roki mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali wanapokaa wakaongea. Muziki ni wa Andrew Lloyd Webber, maneno ni ya Tim Rice, vijana wa miaka ishirini na kitu walipoitunga. Hawakupata mtu wa kuipandisha jukwaani, wakaanza kuitoa kwenye santuri mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikafika Broadway, New York, na Wakristo na Wayahudi wakasimama nje ya ukumbi na mabango ya kuipinga. Inasimulia juma la mwisho la Yesu, na anayefungua kinywa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni Yuda. Yeye ndiye anayetuonyesha njia. Anampenda Yesu, anaogopa kwamba umati utawaponza wote, na hofu hiyo ndiyo inayompeleka kwa makuhani.

Mimi niliijua kupitia filamu ya 1973, ile waliyoipiga Israeli, ambayo Yuda wake ni Carl Anderson, Mmarekani mweusi, anaimba peke yake juu ya kilima jangwani. Umoja wa vijana wa usharika wetu tuliiazima kwenye mkanda wa video, jioni ya Jumamosi kabla ya Pasaka. Yuda hajamaliza wimbo wake wa kwanza, mzee mmoja wa kanisa akainuka akachomoa waya ukutani. Tukaimba pambio, tukatawanyika. Mama alikuwepo, amekaa nyuma na akina mama wenzake wa kwaya. Hakusema kitu siku ile, wala sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nilimwambia tunakwenda kuona mchezo wa Pasaka. Habari ya magitaa sikumwambia.

Ukumbi ule hauna paa. Upo tangu 1932, viti vimepanda kama ngazi, miti imeuzunguka pande zote, na kwa kuwa kiangazi kule jua linachelewa, mchezo unaanza kungali mchana kweupe. Mama akatazama huku na huku, akajifunga khanga juu ya koti, akasema, "Kumbe ni kama mkutano wa injili." Akatulia. Gitaa la kwanza lilipolia nilimwangalia yeye, sikuangalia jukwaa. Alikunja uso kidogo, akakilegeza kilemba upande wa sikio, akasikiliza.

Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Nikamwinamia nianze kumtafsiria. Akaniwekea mkono gotini. "Niache, mwanangu. Hadithi naijua."

Alikuwa akiifahamu kuliko mimi, na pengine kuliko nusu ya waliokaa pale. Miaka arobaini aliimba Ijumaa Kuu, sauti ya pili. Aliwajua wote kwa vitendo vyao: huyu ni Petro, yule ni Kayafa, huyu binti ndiye yule wa marhamu. Yuda alikuwa Tyrone Huntley, kijana mweusi mwenye sauti inayopanda bila kupasuka. Mama akaninong'oneza, "Yuda wamemfanya mweusi?" Nikaona haya, sijui kwa niaba ya nani. Nikamwonyesha kwamba wanafunzi pale ni wa rangi zote. Akatikisa kichwa kukubali. Baada ya muda akanong'ona tena: "Halafu wamempa sauti kuliko wote."

Sasa nifike pale.

Ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Yuda amekwenda kwa makuhani. Anajitetea kabla hajashtakiwa, anasema hakuja kwa ajili ya fedha, wao wanamsukumia fedha. Tunalijua hilo, vipande thelathini. Lakini pale hawakuhesabu sarafu. Alipoyapokea yale malipo, mikono yake ilitoka imelowa silva, mibichi, mpaka vifundoni. Alikuwa ameiweka mbali na mwili wake, vidole vimeachana, kama tunavyofanya tukiwa tumeshika kitu kichafu na hatujui tuifute wapi. Anga ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Silva ile ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko vyote pale jukwaani. Sauti za kwaya zikamwimbia taratibu, kwa upole, kama kumpongeza, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele zote zilizotangulia. Yeye akaitazama mikono yake. Kwa muda mrefu aliitazama, au mimi ndivyo ninavyokumbuka. Ndege walikuwa bado wanalia mitini.

Mama akashika pindo la khanga yake. Nilidhani anataka kufuta macho. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, kama anayetafuta upande mkavu wa kitambaa wa kumpa mtoto.

Mapumziko yakafika. Watu wakainuka kwenda kununua vinywaji. Nilikuwa na chupa ya chai, nikammiminia. Hakunywa.

"Ameondoka hivyo hivyo?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Huyu. Hakuna wa kumletea maji anawe?"

Nikamwambia ni mchezo tu, kule nyuma watamsafisha. Akanitazama kana kwamba nimejibu swali la mtu mwingine.

Tuliporudi kukaa, karamu ya mwisho ikaanza, na Yuda akaingia na mikono ile ile. Hawakumsafisha. Mama akashusha pumzi. Kutoka hapo mpaka mwisho sidhani kama alimwangalia mtu mwingine vile alivyoiangalia ile mikono. Giza lilishaingia lenyewe, kama lilivyoingia Gethsemane yenyewe, na Declan Bennett, aliyekuwa Yesu, akabaki peke yake akimuuliza Baba yake kwa nini afe. Wimbo huo unapanda mpaka unakuwa ukelele. Nilihofia mama ataona ni kufuru, Bwana kumfokea Mungu. Nikasikia ananong'ona kwa Kiswahili, polepole, pembeni ya ukelele wote ule: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Akaishia hapo. Nusu ya pili ya mstari hakuisema.

Kisha Yuda akaja na lile busu. "Rafiki, fanya ulilolijia," mama akasema, maana Mathayo ndivyo alivyoandika, na akaongeza la kwake: "Bado anamwita rafiki."

Mengine nayapitisha haraka, kwa kuwa hata siku ile yalipita haraka. Yuda alijinyonga. Pilato akahesabu mapigo thelathini na tisa, na kwa kila pigo walimrushia Yesu konzi za vumbi la kumetameta, likamganda kwenye jasho na damu, likang'aa chini ya taa. Mama alihesabu kwa midomo. Namba za Kiingereza alizijua vizuri. Na ilipofika zamu ya Pilato kunawa mikono, akanigeukia katika giza lile, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena.

"Huyu yeye maji kayapata."

Mzungu mmoja wa mbele yetu akageuka. Sikumjibu mama. Nilijua hatuongelei Pilato.

Mchezo ule unaisha Ijumaa. Yesu anakufa, unapigwa muziki bila maneno ambao walioutunga waliupa jina la mstari wa Yohana, 19:41, ule wa bustani na kaburi jipya, basi. Hakuna jiwe kuviringishwa wala wanawake alfajiri. Watu wakasimama kupiga makofi na mama akabaki amekaa. "Na Jumapili?" akauliza. Nikamwambia wao wanaishia hapo. Akatazama miti. Bustani tulikuwa nayo pale pale, na kwetu pia baba amelala chini ya migomba, hatua chache tu kutoka mahali mpaka mpya ulipopitishwa baada ya kile kipande cha juu kuuzwa. Sijui kama aliwaza hilo. Mimi ndilo nililowaza.

Tukatembea hadi Baker Street, tukapata treni ya moja kwa moja ya Barking. Behewa lilikuwa na nafasi. Tulipita vituo vinne, vitano, bila neno. Kisha, bila kunitazama:

"Namba ya mdogo wako unayo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja katika miaka mitano. Namba nilikuwa nayo. Alinitumia ujumbe mwanzoni mwa mwaka ule, wa salamu tu na kuulizia afya ya mama, na sikuujibu wala sikuufuta. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti, upande alioketi mama, ningeweza kuitoa bila hata kuinua kiwiko.

"Sina, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya, baba," akasema, na akaiweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaitazama mpaka tukafika.

Usiku ule nilimsikia akiomba chumbani kwake. Aliomba kwa Kichaga, kama alivyofanya daima akiwa peke yake, na nilisimama koridoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo heshima. Nilisikia jina langu, la mke wangu, la mtoto. Nilisikia la mdogo wangu. Kisha akataja jina ambalo sikulitegemea, na nilidhani nimesikia vibaya, akalirudia: Yuda. Alimwombea Yuda. Nimewauliza wachungaji wawili tangu hapo kama inafaa kumwombea Yuda. Mmoja alisema haifai kabisa. Mwingine alinyamaza, akaniuliza aliyeomba ni nani, nilipomwambia ni mama yangu akasema basi tumwachie mama.

Mama alirudi Moshi Septemba. Hakuuliza tena kuhusu namba, wala mimi sikumpa, na kila nilipompigia simu Jumapili niliisikia ile nafasi ambapo swali lingekaa. Alifariki mwaka 2019. Mdogo wangu alikuja mazikoni. Alisimama kwenye migomba ya mwisho, upande ule wa mpaka, akaja kwenye mstari wa pole kama watu wengine, nikampa mkono kama nilivyowapa watu wengine. Ulikuwa na udongo wa kaburini. Wangu pia. Akasema, "Pole, kaka." Nikasema, "Tumeshapoa." Nyuma yake kulikuwa na mtu anayesubiri, akasogea.

Sijui kama mama alikuwa amemsamehe, au alitaka kusikia tu sauti yake ajue yuko hai. Najaribu kujiambia kwamba angeipata namba kwingine kama kweli aliitaka, wajomba wangempa. Lakini aliniomba mimi.

Jana nilimwacha fundi pale kwenye ndoo, nikatembea hadi dukani, nikanunua chupa mbili za tina ingawa moja ilitosha. Nikarudi nikammiminia mwenyewe, kidogo kidogo, yeye akisugua kwa tambara. Ilitoka, ikachuruzika kwenye mchanga. Ikabaki kuzunguka kucha. "Hiyo itaondoka yenyewe, bosi," akasema, "siku tatu, nne." Akakusanya brashi zake.

Usiku nikafungua simu nikaitafuta ile namba. Ipo. Nimeshabadilisha simu mara tatu tangu treni ile, na kila mara imehama na mimi. Sijui kama bado ni yake.