Nimemchukua Punda wa Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Samweli 12:1-5.

Samweli amezeeka, kichwa kimejaa mvi. Anasimama mbele ya Israeli yote na kuuliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Mwenye dai aseme, nitamrudishia. Watu wakakiri kwamba hana deni lao.

Samweli hakuwa mfalme. Sura ya 7 inaonyesha kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua mashauri ya watu, kisha akarudi kwake Rama. Ni kazi ileile ya wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa tuliowachagua hapa Tanzania Novemba 2024: leo ugomvi wa mpaka wa shamba, kesho mke aliyefukuzwa na watoto, keshokutwa barua ya utambulisho ya kijana anayeomba kazi. Posho yenyewe ndogo. Hapo ndipo jaribu huingilia, kwenye mhuri. Mama mjane kashika karatasi yake mlangoni, anaambiwa alete kwanza ya soda. Kwangu mimi, hiyo soda ndiyo punda aliyemuulizia Samweli.

Kinachonigusa zaidi kiko sura ya 8. Yoeli na Abiya, wana wa Samweli, walizaliwa nyumba hiyohiyo, baba akawaweka waamuzi huko Beer-sheba, wakala rushwa. Cheo walipewa na baba. Kumcha Mungu hakuna anayeweza kumpa mwanawe. Samweli aliitwa usiku, akiwa kijana mdogo, akajibu mwenyewe: "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Mafunzo ya uongozi nayaunga mkono kabisa, maana mwenyekiti asiyejua kusoma bajeti hudanganywa kirahisi. Ila nguvu ya kuirudisha bahasha wakati hakuna anayekuona haifundishwi semina. Huombwa kwa magoti.

Sheria yetu inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Ndugu uliye kiongozi, usiukwepe. Wasomee watu mapato na matumizi, ubao wa matangazo nao uyabandike, kisha uliza kama alivyouliza Samweli, na usubiri majibu.

Nasi tusio na vyeo, mkutano ukiitishwa twende, tuulize kwa staha. Na kwenye sala za wiki hii tuwataje kwa majina yao: mwenyekiti, mtendaji, diwani na wajumbe wa halmashauri ya kijiji.